Aliyetangulia Kufa: Kesi ya Lizzie Borden

Watoto wa Marekani wana wimbo wa mchezo wa kuruka kamba unaomtaja Lizzie Borden, na ni wimbo huo, si kumbukumbu za mahakama, ulioliweka hai jina lake kwa zaidi ya miaka 100. Wimbo wenyewe si shahidi wa kuaminika. Unamhesabia mama mapigo 40 na baba 41, ilhali madaktari waliozichunguza maiti walihesabu majeraha 19 kwa mwanamke na 10 au 11 kwa mwanamume. Unamwita mwanamke huyo mama wa Lizzie, naye alikuwa mama wa kambo. Tena unamtia hatiani mtu ambaye mahakama ilimwachia huru. Hata hivyo, katika uzushi wote huo mna neno moja la kweli, nalo ndilo ambalo wengi wanaoisimulia kesi hii hulipita haraka: katika nyumba ile, aliyetangulia kufa alikuwa mama.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 4 Agosti 1892, katika mji wa Fall River, jimbo la Massachusetts. Jimbo hilo si geni kabisa kwa watu wa visiwa hivi, kwani merikani iliyovaliwa pwani nzima katika karne ya 19 ilifumwa kwa wingi katika viwanda vyake, ikaletwa Unguja kwa merikebu za wafanyabiashara wa Salem. Fall River nao ulikuwa mji wa viwanda vya pamba. Wenyeji matajiri waliishi kilimani. Waairishi, Wareno na Wakanada wenye asili ya Kifaransa, waliokuja kufanya kazi viwandani, waliishi chini. Andrew Borden, mzee wa miaka 69, alikuwa mkuu wa benki ya akiba na mwenye majumba ya kupangisha, mali yake ikikadiriwa kufika dola 300,000. Angeweza kuishi kilimani. Alichagua kuishi nambari 92, Second Street, katika nyumba nyembamba iliyo karibu na maduka, na ubahili wake ulikuwa hadithi ya mji.

Humo aliishi na mkewe wa pili, Abby, mwenye umri wa miaka 64, aliyemwoa mwaka 1865 baada ya kufiwa na mke wa kwanza. Waliishi nao mabinti wawili wa mke wa kwanza, Emma wa miaka 41 na Lizzie wa miaka 32, ambao hawakuolewa. Alikuwamo pia mtumishi wa Kiairishi, Bridget Sullivan, ambaye mabinti hao walimwita Maggie kwa kuwa hilo lilikuwa jina la mtumishi aliyemtangulia. Jambo dogo, lakini linaonesha namna watu walivyotazamana ndani ya nyumba hiyo. Siku moja kabla ya mauaji alifika mgeni, John Morse, mjomba wa mabinti. Emma hakuwapo, alikuwa Fairhaven kwa marafiki.

Ufa wa familia hii ulianza, kwa jinsi watu walivyosimulia baadaye, mwaka 1887. Andrew alinunua sehemu ya nyumba ili ndugu yake Abby wa baba mmoja apate pa kukaa. Mabinti walinung'unika, na baba akawapoza kwa kuwapa nyumba nyingine. Mali ikasawazishwa, lakini nyoyo hazikusawazika. Tangu hapo Lizzie aliacha kumwita Abby mama. Akamwita Bibi Borden. Hata siku ya mauaji, askari alipomtaja marehemu kuwa ni mama yake, Lizzie alimsahihisha papo hapo kwamba huyo si mama bali ni mama wa kambo. Hekaya zetu zimezoea kumchora mama wa kambo kuwa mkatili anayemnyima yatima chakula. Hapa hapakuwa na ushahidi wowote wa ukatili. Waliomjua Abby walimtaja kuwa mwanamke mnene, mkimya, asiyependa kutoka, na huenda ndiyo sababu hata mauti yake hayakupigiwa kelele kama ya mumewe.

Asubuhi ile, baada ya Morse kuondoka, Abby alipanda ghorofani kumalizia kukitengeneza chumba cha wageni na kuvisha mito foronya. Hakushuka tena. Andrew alitoka kwenda mjini kwa shughuli zake, na alirudi yapata saa tano kasorobo. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa zaidi ya kufuli moja, maana nyumba ile ilikuwa imewahi kuibiwa mchana mwaka uliotangulia, na watu wake walikuwa wamejenga mazoea ya kujifungia. Bridget alipokuwa akihangaika kuufungua, alisikia kicheko cha Lizzie kutoka juu ya ngazi. Baadaye Lizzie akaeleza kuwa Abby ameletewa barua fupi na ametoka kwenda kumwona mgonjwa. Mzee akajilaza kwenye kochi sebuleni. Bridget, ambaye alikuwa ameosha madirisha kwenye jua la Agosti na hali yake haikuwa njema, akapanda chumbani kwake chini ya paa kupumzika. Ilipofika kama saa tano na dakika kumi, alisikia Lizzie akimwita kutoka chini: ashuke upesi, baba amekufa, mtu ameingia akamwua.

Daktari akaja, jirani Adelaide Churchill akaja. Polisi walikuwa wachache mjini kwa sababu wengi wao walikwenda matembezi ya mwaka huko Rocky Point. Walipouliza Abby yuko wapi, Lizzie alisema anadhani amemsikia akirudi. Bridget na jirani yule walipanda ngazi, na kabla ya kufika juu, macho yao yalipokuwa sawa na sakafu, waliuona mwili wa Abby ng'ambo ya kitanda cha wageni.

Hapo ndipo kesi nzima ilipo. Damu ya Andrew ilikuwa bado mbichi. Damu ya Abby ilikuwa imeganda na kuwa nyeusi, na mwili wake umepoa. Matumbo ya marehemu wote wawili yalipelekwa kwa Profesa Edward Wood wa Harvard, na hali ya chakula ilionesha kuwa mke alikufa kwanza. Madaktari walikadiria kuwa baina ya kifo kimoja na kingine kilipita kiasi cha saa moja na nusu. Hesabu hiyo haikuvunjwa na mawakili wa utetezi, na hakuna aliyeivunja tangu wakati huo.

Sasa na atafakari mtu maana yake. Ikiwa muuaji alikuwa mtu wa nje, basi aliingia katika nyumba ya makufuli bila kuonwa, akamkuta Abby peke yake chumbani, akampiga mara 19, kisha, akiwa na damu mwilini na silaha mkononi, akakaa ndani ya nyumba ndogo isiyo na pa kujificha kwa saa moja na nusu. Wakati huo Lizzie alikuwa akizunguka vyumbani na Bridget akienda na kurudi na ndoo za maji. Mtu huyo akamngoja mzee ambaye hakujua atarudi lini, akamwua naye katika dakika chache ambazo Bridget alikuwa juu na Lizzie, kwa kauli yake, yuko bandani, kisha akatoka mchana kweupe katika mtaa wenye watu, asiache nyayo wala kuchukua senti. Hayo si muhali. Lakini mwenye kuyasadiki anahitaji imani kubwa kuliko anayeyakataa.

Halafu kuna ile barua. Abby hakutoka, alikuwa amelala amekufa wakati habari ya kutoka kwake inasimuliwa. Barua yenyewe haikuonekana, aliyeiandika hakujitokeza, aliyeileta hakujitokeza, na mgonjwa aliyeitiwa hakujitokeza, ijapokuwa magazeti ya nchi nzima yalikuwa yakiisaka. Ikiwa barua haikuwapo, hadithi yake ilikuwa na kazi moja tu: kumzuia mzee asimtafute mkewe.

Na kwa nini muuaji amwanze mke? Msomaji aliyekaa darasa la mirathi atalitambua jambo hili haraka, kwa sababu swali la nani alikufa kabla ya nani ndilo linalopindua mafungu. Andrew hakuacha wasia. Kama angekufa yeye kwanza, Abby angekuwa mjane mwenye haki katika mali, na Abby akifa baadaye, haki hiyo ingeangukia kwa ndugu zake, yaani watu wale wale walioleta ugomvi wa mwaka 1887. Kwa kuwa Abby alitangulia, mali yote iliwaangukia Emma na Lizzie. Fikihi ina kanuni kwamba muuaji harithi. Sheria ya huko nayo ilihitaji kwanza athibitike kuwa ni muuaji.

Lizzie alishitakiwa, akakaa rumande takriban miezi kumi, na kesi ikasikilizwa New Bedford kuanzia tarehe 5 hadi 20 Juni 1893, mbele ya majaji watatu na wazee wa baraza 12. Kwa mfumo wa nchi ile wazee hao si washauri. Wao ndio wanaotamka hatia au kutokuwa na hatia. Wote walikuwa wanaume, maana mwanamke hakuruhusiwa kuketi katika baraza hilo. Upande wa mashitaka walisimama Hosea Knowlton na William Moody, ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani. Upande wa utetezi walikuwapo Andrew Jennings, wakili wa familia, na George Robinson, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo. Mmoja wa majaji watatu, Justin Dewey, aliteuliwa kuwa jaji na huyo huyo Robinson alipokuwa gavana. Jambo hilo lilijulikana na wote, wala hakuna aliyejitoa.

Wazee wale 12 hawakusikia mambo mawili makubwa. La kwanza ni maelezo aliyoyatoa Lizzie mwenyewe kwa kiapo siku tano hadi saba baada ya mauaji, katika uchunguzi wa vifo. Humo alijikanyaga mno: baba aliporudi, mara yeye alikuwa jikoni, mara alikuwa ghorofani, mara alikwenda bandani kutafuta chubwi za mshipi wa kuvulia, akakaa juu darini akila mapeasi katika joto lile. Majaji waliyakataa maelezo hayo kwa hoja kwamba hati ya kumkamata ilikuwa imekwisha kuandikwa wakati anahojiwa, na wakili wake alikuwa amezuiwa kuingia. Uamuzi huo una heshima yake. Mtu asiye huru, tena aliyekuwa akipewa dawa za kutuliza na daktari, hafai kuhojiwa bila wakili kisha maneno yake yakafanywa kamba ya kumnyongea. Anayelalamikia kuachiwa kwa Lizzie na asiilalamikie kanuni hii, kwani ndiyo inayowalinda wanyonge kila mahali.

La pili halina utetezi kama huo. Siku moja kabla ya mauaji, muuza dawa aitwaye Eli Bence alisema, Lizzie aliingia dukani kwake kutaka asidi ya prusiki, sumu ya kuua mara moja, akidai ni ya kusafishia joho la ngozi ya sili. Alimkatalia. Watu wengine wawili waliokuwamo dukani waliunga mkono kauli yake. Wiki ile ile familia ilikuwa imetapika, na Abby alikuwa amekwenda kwa daktari akihofu kuwa wametiliwa sumu. Majaji walitaka mashitaka yathibitishe kwanza kuwa asidi hiyo haina matumizi mengine yasiyo na madhara. Waliposhindwa kuridhika, ushahidi wote ukaondolewa. John Henry Wigmore, ambaye baadaye aliandika kitabu kikubwa kuliko vyote vya sheria ya ushahidi nchini humo, aliukosoa uamuzi huo katika jarida la sheria mwaka ule ule wa 1893. Mtu anaulizwa kama alikusudia kuua, na jana yake alitaka sumu. Ikiwa hilo halihusiani na kesi, ni vigumu kujua lipi linahusiana.

Walichokisikia wazee hao ni hiki: Lizzie alikuwa binti wa ukoo mwema, mfundishaji wa shule ya Jumapili, mwanachama wa vyama vya hisani. Robinson aliwaambia kuwa ili wamtie hatiani ni lazima waamini kuwa ni shetani, kisha akawataka wamtazame waone kama anafanana naye. Mafuvu ya marehemu yalipofunuliwa mahakamani, mshitakiwa alizimia, na kuzimia kule kulimfaa kuliko shahidi yeyote. Jaji Dewey, katika maelekezo yake ya mwisho, alifika hadi kuuliza Lizzie alikuwa na sababu gani ya kutunga hadithi ya barua. Swali ambalo lingetoka katika kinywa cha wakili wa utetezi lisingemshangaza mtu.

Bahati nayo ilimwangukia. Siku chache kabla ya kesi kuanza, msichana mmoja, Bertha Manchester, aliuawa kwa shoka mjini Fall River, na hofu ya muuaji anayezurura ikarudi. Aliyekamatwa ni José Correa de Mello, mhamiaji Mreno kutoka visiwa vya Azores. Ilipobainika kuwa mtu huyo hakuwa ametia mguu Marekani mwezi Agosti 1892, wazee wa baraza walikuwa wamekwisha kuchaguliwa na habari ya kwanza imekwisha kuwafikia. Hakuna aliyesimama mahakamani kuuliza kama de Mello anafanana na shetani. Mtu wa hali yake hakuhitaji swali hilo.

Pamoja na hayo, haifai kuudharau utetezi. Dakika kama kumi na tano hivi baada ya mzee kuuawa, Lizzie alikuwa mbele ya watu, na hakuna aliyeona tone la damu katika nguo, nywele wala mikono yake. Silaha haikuthibitishwa. Kilipatikana kichwa cha kishoka kisicho na mpini, kimepakwa majivu, katika chumba cha chini. Profesa Wood hakuona damu juu yake, na askari wawili walipingana mahakamani kuhusu kipande cha mpini. Askari mwingine alisema vumbi la darini bandani halikuwa na alama ya mguu. Utetezi ukaleta wavulana walioapa kuwa wao walipanda huko kabla yake, na muuza aiskrimu aliyeapa kuwa alimwona mwanamke akitoka upande wa bandani. Ama damu, yawezekana jibu lake lilichomwa moto. Jumapili, siku tatu baada ya mauaji, na siku moja tu baada ya meya kumwambia kuwa anashukiwa, Lizzie alilichana gauni lake na kulitia katika jiko mbele ya rafiki yake Alice Russell, akisema lina madoa ya rangi. Emma aliapa kuwa ni yeye aliyemshauri. Lakini gauni halijibu kila kitu, kwani lilipaswa kuvuliwa na kufichwa mara mbili katika asubuhi moja, na polisi waliipekua nyumba.

Kwa hiyo hukumu ya New Bedford inapaswa kuulizwa maswali mawili, si moja. Je, kwa ushahidi walioachiwa wausikie, wazee wale walikosea kusema haijathibitika? Pengine hapana. Knowlton mwenyewe, kabla ya kesi, alimwandikia mwanasheria mkuu wa jimbo kuwa hatarajii sana kupata hukumu ya hatia. Je, kwa yote yanayojulikana, aliyemwua Abby Borden alikuwa nani? Hapa mwanahistoria hafungwi na kanuni za majaji watatu. Ana sumu iliyotakwa jana yake, ana barua isiyokuwapo, ana gauni lililochomwa, ana kicheko juu ya ngazi ambayo kutoka hapo maiti ilionekana, na juu ya yote ana saa moja na nusu ambayo ndani yake hakuwapo mtu mwingine wa kumweka isipokuwa Lizzie na Bridget. Na Bridget hakupata faida yoyote, si ya mali wala ya kisasi. Morse alikuwa kwa jamaa zake upande mwingine wa mji. Emma alikuwa Fairhaven. Anayebaki ni mmoja.

Ni jambo la kusikitisha kwamba mijadala mingi juu ya kesi hii humwanza Andrew. Huulizwa kama binti anaweza kumwua baba aliyempenda, na pete aliyompa na ambayo mzee hakuivua kidoleni hutajwa kuwa ushahidi wa mapenzi. Swali hilo liliwashinda wazee wa baraza, na linawashinda wasomaji mpaka leo, kwa sababu limeanzia mwisho. Lingeanzia juu, katika chumba cha wageni, jibu lisingekuwa gumu hivyo: hasira ilimlenga mama wa kambo, naye mzee alikuwa ndiye mtu mmoja ambaye, akirudi nyumbani na kumkuta mkewe amekufa, angejua mara moja ni nani aliyemchukia.

Wazee walirudi baada ya kiasi cha saa moja na kitu. Mahakama ililipuka kwa shangwe. Jumapili iliyofuata Lizzie alikwenda kanisani kwake, na viti vilivyomzunguka vikabaki vitupu. Watu wa tabaka lake, waliomkinga na kitanzi, hawakutaka kuketi karibu naye. Yeye na Emma walinunua nyumba kubwa kilimani, wakaiita Maplecroft, na Lizzie akajibadilisha jina akajiita Lizbeth. Mwaka 1905 Emma alihama nyumba hiyo, na ndugu hao hawakuishi pamoja tena. Hakuna mtu mwingine aliyepata kushitakiwa kwa mauaji ya Second Street.

Lizzie alikufa tarehe 1 Juni 1927, na Emma akamfuata baada ya siku tisa. Katika wasia wake Lizzie aliacha fedha nyingi kwa chama cha kuhifadhi wanyama, na dola 500 kwa mji wa Fall River ili eneo la makaburi la baba yake litunzwe daima. Amezikwa humo, miguuni pa baba. Abby naye yumo humo humo.